Ng'ombe Hana Vidole

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ni mimi niliyefungua ua. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mama.

Naandika ilivyokuwa. Jana baada ya ibada nilitaka kwenda kwa kina Juliana. Njia kubwa inapita dukani, na dukani kila Jumapili wanakaa wazee sita au saba kwenye benchi. Kila mmoja lazima apewe shikamoo yake, mmoja mmoja, huwezi kuruka. Ukifika wa mwisho, wa kwanza anauliza habari za matokeo. Nikisema divisheni three wanasema "ahaa" na kuangalia barabara. Tangu Januari nimeisikia hiyo ahaa mara nyingi. Jana sikuiweza.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapita katikati ya mahindi mpaka ua wa chini. Pale kuna tawi kubwa la mgunga, Baba analitumia kuziba nafasi ya mkokoteni. Nikalishika kwenye shina, pasipo na miiba, nikaliweka pembeni vizuri. Nikapita. Kurudi nilipita njia kubwa kwa sababu wazee walikuwa wameshaondoka. Tawi likanitoka kichwani kabisa.

Leo asubuhi ng'ombe wa Mzee Gidamis, baba yake Juliana, wameingia shambani. Huwa wanapita pembeni ya ua wetu kila siku kwenda lambo kunywa. Leo wamekuta mlango. Baba amepima kwa hatua: karibu eka nzima. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Sasa ni vishina.

Baba hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akaivaa tena.

Jumanne, 4 Machi

Baba ameliona tawi. Halikuvunjika wala halikusukumwa ndani. Limelala pembeni, shina likielekea juu, kama mtu alivyoliweka. Akaniita mimi na Mama tuje tuone.

Alisema, "Ng'ombe hana vidole."

Mama akasema labda upepo. Baba akamwangalia tu.

Kwa hiyo sasa si ng'ombe walioingia. Ni watu waliowaingiza. Nilisimama pale nikiwa na ndoo mkononi na nikaona jambo likibadilika mbele ya macho yangu, na lililolibadilisha ni jinsi nilivyo nadhifu. Ningelitupa ovyo lile tawi, leo tungekuwa tunazungumza habari za mahindi tu.

Aliyekuwa akichunga jana ni Juliana mwenyewe. Kaka zake walikuwa wamekwenda mnadani.

Jumatano, 5 Machi — Jumatano ya Majivu

Tumepakwa majivu asubuhi. Saa nne kikao kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Nicodemo. Baba aliniambia niende naye nishike simu yake. Nilikaa karibu na mlango. Bwana Nicodemo akaniona, akauliza si ndiye huyu binti aliyemaliza form four? Mwandishi wake wa vikao amelazwa Haydom, anafanyiwa operesheni ya tezi. Akanipa kitabu na kalamu. Sikuweza kukataa mbele za watu. Siwezi kukataa hata wasipokuwepo.

Baba alieleza. Ua ulifunguliwa kwa makusudi. Anataka liandikwe kuwa mgogoro wa wakulima na wafugaji, lipande wilayani.

Mzee Gidamis alisimama na fimbo yake na shuka lake. Kiswahili chake ni kifupi. Alisema ng'ombe ni wake, wamekula, analijua deni la mdomo wa ng'ombe wake. Ataleta mtamba mwenye mimba akae kwetu. Ila mtoto wake hakufungua ua.

"Mimi sina mgogoro," alisema. "Nina ng'ombe walioingia kwa Evarist."

Juliana aliulizwa. Alisema, "Nilikuta pako wazi." Basi. Aliangalia chini. Mtu nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wa Mzee Gidamis wapelekwe shule, maana wameshajua kufungua milango. Watu wakacheka. Mwingine akasema kati ya ng'ombe hao kumi na wanane mmoja ni wa Evarist, ameshiba mahindi ya bwana wake, huyo naye alipishwe nini? Wakacheka zaidi. Ni kweli. Ng'ombe wetu mwekundu anakaa kwenye zizi la Mzee Gidamis tangu ule mwaka wa ukame, sisi hatukuwa na majani. Baba hakucheka. Alisema huyo ni shahidi.

Niliandika hayo yote isipokuwa vicheko. Bwana Nicodemo alisema vicheko haviandikwi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisini kunakili. Bwana Nicodemo alinionyesha fomu ya kupeleka juu. Kuna mahali pameandikwa "aina ya mgogoro", na chini yake visanduku: ardhi, mirathi, ndoa, wakulima na wafugaji. Unaweka alama. Hakuna kisanduku cha ng'ombe walioingia kwa Evarist.

Akaniambia nisiweke alama kwanza. Yeye ni mtu wa utani lakini hapa hakutania. Alisema, "Binti, hili neno likishaandikwa halikai tena kijijini. Linapanda kata, linapanda wilaya, linarudi na gari."

Gari likija, kwanza wanahesabu ng'ombe. Kisha wanauliza nani ni mwenyeji na nani amehamia. Kisha njia ya kwenda lambo inafungwa mpaka uamuzi utoke. Kijiji cha pili walifungiwa mwaka jana, familia mbili zikaondoka na mifugo yao usiku na hazijarudi.

Akasema kuna njia nyingine. Tukiandika "kutoelewana kwa majirani" linaisha hapa hapa. Lakini Baba lazima akubali, na Baba hatakubali maadamu kuna mkono uliofungua ua na haujulikani.

Nyumbani nikatafuta daftari langu la civics la form three. Conflict. Mwalimu alitupa maana yake kwa Kiingereza, tukaikariri, na kwenye mtihani nikapata alama zote mbili. Halafu kulikuwa na sababu saba na madhara manane. Niliyajua kama sala. Nimeyasoma tena leo yote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mgogoro unaweza kuanza kwa mtu anayekwepa kuwasalimia wazee.

Nikamuuliza Mama, kwa Kiiraqw mgogoro tunauitaje? Alikuwa anachambua maharage. Alifikiri sana. Akasema inategemea ni nani na nani. Watoto wakinyang'anyana, kuna neno. Mtu na mke wake, neno lingine. Ndugu kwenye mpaka, lingine. Nikauliza: na sisi na kina Juliana? Akasema, "Hilo bado sijajua. Ngoja kwanza waache kusalimiana ndiyo nitajua."

Jumamosi, 8 Machi

Baba amefunga njia ya lambo. Amekata miiba tangu jana, ameirundika kutoka ua wetu mpaka korongoni. Niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: njia ile ilikuwa pana zaidi nilipokuwa darasa la tatu. Kila msimu jembe la Baba lilipenda kwenda mbele mfereji mmoja. Hilo pia halimo kwenye kitabu cha kikao.

Sasa ng'ombe wao wanazunguka kwa juu. Mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Tunasikia kengele zikipita mbali.

Maziwa hayaji. Mama Juliana ndiye aliyekuwa anatuletea. Tunakunywa chai ya rangi. Mama anaiweka mbele ya Baba bila kusema kitu, na sukari kidogo.

Jambo nimeligundua: Baba hasemi tena "jirani" wala "Gidamis". Anasema "upande wa pili". Nikaenda kuangalia kitabu. Hata mimi, ukurasa wa tatu, nimeandika "upande wa pili ulieleza". Mzee Gidamis ambaye alinibeba begani siku mto ulipojaa! Nimemwandika kama upande.

Aliyetoka Katesh mnadani amesema huko wanauliza kama ni kweli hapa kwetu Gendabi kuna mapigano. Kwenye grupu la WhatsApp la kata mtu ameandika watu wawili wameumia. Hakuna aliyeumia. Nilitaka kujibu hapana. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Nikafuta.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Padre alisema kitubio kipo Jumamosi zote mpaka Pasaka. Nikahesabu Jumamosi zilizobaki. Kisha nikawaza: Padre akijua, Juliana atasaidiwa nini? Siri ya kitubio haifiki kwa mtendaji.

Nilirudi kwa njia kubwa. Niliwasalimia wazee wote. Hakuna aliyeuliza matokeo. Waliuliza mgogoro umefikia wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekutana na Juliana bombani.

Tangu darasa la kwanza tumekuwa tukiteka maji pamoja. Aliishia form two, baba yake akasema inatosha, sasa amepata nafasi ya kujifunza kushona Haydom kwa shangazi yake aliyebatizwa. Anatakiwa aondoke mwisho wa mwezi. Mama yake amesema haondoki mtu mwenye jina la kufungua ua wa watu. Huko shangazi atasema nini? Haya nimeyasikia kwa wengine waliokuwa kwenye foleni. Walikuwa wanaongea kama hayupo.

Mmoja akamtania, akamwambia Juliana wewe una vidole vizuri vya kushona na vya kufungulia miiba. Juliana akajibu miiba yenu haina thamani ya vidole vyangu. Watu wakaguna. Yeye hajui kuogopa watu kama mimi.

Walipopungua tukabaki wawili. Ndoo yake ilikuwa inajaa. Hakuniangalia.

Alisema, "Jumapili ile ulifika kwetu ukitokea upande wa shamba. Miguu yako ilikuwa na udongo mwekundu."

Nilisubiri aendelee. Alifunga bomba, akapandisha ndoo kichwani, akaondoka.

Kwa hiyo anajua. Alijua tangu Jumatano ile, pale alipoangalia chini. Nilidhani anaogopa.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha pili. Mzee Maximilian, mwenyekiti wa kitongoji, ameleta wazo lake. Anasema wakati wa baba yake, jambo kama hili lilimalizwa mpakani. Linalazwa tawi chini. Kila mtu wa nyumba zote mbili mwenye akili zake analiruka mbele ya wengine na kusema: sikuufungua ua huu, wala simjui aliyeufungua. Anayeruka kwa uongo, ardhi yenyewe itashughulika naye. Asiyeruka, amejulikana.

Baba alisema sisi ni Wakristo, tena ni Kwaresima.

Mzee Maximilian akamjibu, "Sijakuambia uchinje kitu, Evarist. Nimekuambia useme ukweli ukiwa umesimama." Naye ni mzee wa kanisa.

Mzee Gidamis alikubali haraka. Alisema kwao pia wanajua hivyo. Mara ya kwanza tangu wiki iliyopita Baba na yeye wamekubaliana jambo, wakatingisha vichwa kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja akageuka kana kwamba ameungua.

Halafu Mzee Maximilian akasema maneno ambayo niliyaandika jinsi yalivyo, hata Bwana Nicodemo aliponiambia nifupishe: "Kama kuna mkono, tuujue. Tukiujua mkono hatuna mgogoro. Tuna mtu. Mtu tunamweza."

Akaulizwa, na huyo mtu atafanywa nini? Akasema ataomba radhi, atapanda mahindi tena pamoja na wenye shamba, basi. Asipojulikana, fomu inakwenda wilayani Ijumaa.

Kiapo ni Alhamisi. Bwana Nicodemo ameniagiza niandike majina ya watakaoruka na maneno ya kiapo kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika orodha. Upande wa kwanza: baba yangu Evarist, mama yangu Marieta, kaka yangu Pascal, shangazi Getruda anayekaa nasi. Upande wa pili — hapana, nimelifuta hilo. Nyumba ya Mzee Gidamis: yeye, mama Juliana, kaka wawili, Juliana.

Jina langu sikuliandika.

Sikupanga. Niliandika Marieta, kisha Pascal, na mkono ukapita. Nikaangalia kwa muda mrefu. Nikajiambia mwandishi huwa hahesabiwi. Nikampelekea Bwana Nicodemo, akasoma, akasema mwandiko safi, akagonga muhuri. Baba alisoma. Mama alisoma, au aliangalia. Hakuna aliyeona kwamba simo. Maisha yangu yote nimetamani watu wasinione na leo nimefanikiwa.

Kwenye maneno ya kiapo nilijaribu kuacha nusu ya pili. "Sikuufungua ua huu", nukta. Juliana angeweza kusema hivyo bila taabu, ni kweli. Ingempitisha. Lakini Mzee Maximilian anayakumbuka maneno yake. Alisoma, akaweka kidole kwenye nukta, akasema hapa pamepungua. Nikaongeza: wala simjui aliyeufungua.

Nimeiandika kwa mkono wangu hiyo sentensi atakayoshindwa kuisema.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye kibaraza cha nyumba yetu, saa saba mchana. Mvua imetufukuza. Kitabu cha kikao kimefunikwa kwa kanga ya Mama na wewe, daftari langu, uko juu yake.

Tulianza saa nne, kwenye ua wa chini. Tawi lilikuwa lile lile. Watu wengi, hata wazee wa dukani walikuja na benchi lao. Mzee Maximilian alilaza tawi kwenye nafasi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaweka alama kila mtu aliporuka.

Baba aliruka, akasema. Mama akasema kwa sauti ndogo, akaniangalia alipotua. Sijui kwa nini aliniangalia. Pascal aliruka kama anacheza, akakaripiwa, akarudia. Shangazi Getruda ana goti bovu, akavushwa kwa kushikwa mikono, na mtu akasema ardhi imhesabie nusu. Wakacheka.

Mzee Gidamis aliweka fimbo chini kwanza. Mke wake akavuka. Kaka wawili.

Kisha Juliana. Alikuja mpaka kwenye tawi. Alisema vizuri, kila mtu akasikia: "Sikuufungua ua huu." Akanyamaza.

Mzee Maximilian akamwambia aendelee. Hakuendelea. Akamwambia tena, taratibu, mwanangu, malizia. Juliana akasema, "Nimesema langu." Watu wakaanza kunong'ona. Niliisikia ile "ahaa". Ilitoka kwenye benchi, ndefu, ya watu wengi pamoja.

Baba yake alimwambia kitu kwa lugha yao. Mama yake akajifunika uso kwa shuka. Baba yangu alisema, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka: basi tumeona.

Bwana Nicodemo alikuja akainama sikioni kwangu, akasema niandike: amekataa kuapa. Niliandika "ame". Mvua ikashuka papo hapo, kubwa, watu wakakimbia huku na huku, wa kwao kwenye mti wa ng'ambo, wa kwetu hapa kibarazani. Mzee Maximilian amesema ikipungua tunarudi kumalizia, na asipomaliza, fomu inajazwa leo hii hii.

Juliana hakukimbia. Namwona kutoka hapa. Amesimama pale pale, upande wa juu wa tawi, maji yanamtiririka. Hajaruka na hajarudi. Hanitazami. Hajawahi kunitazama tangu bombani, nafikiri anafanya hivyo ili watu wasifuate macho yake.

Baba yuko nyuma yangu anakunywa chai ya rangi. Mama amemwambia yule mtoto ataugua. Baba amesema si mtoto. Mama amenionyesha kwa kidole, amesema ni sawa na Siska, wamezaliwa mwezi mmoja. Baba ameweka kikombe chini kabla hakijaisha.

Mvua inapungua. Bwana Nicodemo ananiita nilete kitabu, sentensi haijakwisha.

Kutoka hapa mpaka kwenye tawi ni hatua kama arobaini za matope. Sijui nikifika kama nitakuwa na sauti ya kusema ni mimi. Sijawahi kusema kitu mbele ya watu zaidi ya kumi bila kuulizwa. Nakuacha chini ya kanga. Mama ana kawaida ya kuinua vitu, akikuinua ukafunguka kwenye ukurasa wa kwanza, nakuomba ukae kimya. Usimwambie. Si kwa leo yote, ni kwa hizo hatua arobaini tu